Taarifa Zako Zimevuja: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako Kisheria

Ujumbe wenyewe huwa mfupi na wenye maneno laini. Kampuni "inasikitika kukufahamisha" kwamba mtu asiyeruhusiwa aliingia kwenye mifumo yake, kwamba "baadhi ya taarifa" zako huenda zimeonekana, na kwamba usalama wako wanaujali sana. Mwishoni unashauriwa ubadilishe nywila, basi. Hutaambiwa kwamba una haki ya kuwauliza maswali na kujibiwa kwa maandishi, kulalamika kwenye mamlaka husika, kurudishiwa fedha na benki, na kudai fidia mahakamani. Mwongozo huu unazichukua haki hizo moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao zinafaa kufuatwa.

Kuna jambo unalopaswa kulijua tangu mwanzo. Madai mengi ya namna hii hukwama hata pale ambapo uzembe wa kampuni uko wazi, kwa sababu mdai hawezi kuonyesha alichopoteza, au hawezi kuunganisha hasara yake na uvujaji ule. Mahakama zinataka vitu vitatu: kosa, madhara, na uhusiano kati ya hivyo viwili. Kosa mara nyingi litachunguzwa na wengine. Madhara na uhusiano ni kazi yako, na ushahidi wake unapatikana katika wiki za mwanzo au haupatikani tena.

Hatua ya 1: Tunza ujumbe, fungua daftari

Usiufute ujumbe wa taarifa hata kama unakukera. Hifadhi barua pepe yenyewe, maana ndani yake kuna anwani ya mtumaji, tarehe na saa. Picha ya skrini peke yake inapingika kirahisi. Kama umeletewa kwa SMS, piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe. Kama kampuni imeweka tangazo kwenye tovuti, lihifadhi kama faili la PDF siku hiyohiyo. Matangazo ya kwanza hubadilika: idadi ya walioathirika huongezeka, na sentensi ya "hakuna taarifa za kifedha zilizoguswa" huondolewa kimyakimya. Tofauti kati ya tangazo la mwanzo na la mwisho inaweza kukusaidia sana baadaye.

Usibofye kiungo chochote kilichomo kwenye ujumbe huo. Matapeli hupenda msimu huu, na hutuma arifa za uongo zinazofanana na za kweli. Andika anwani ya tovuti ya kampuni mwenyewe, au piga namba uliyokuwa nayo kabla ya tukio.

Kisha fungua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni muda wako, fedha zako na utulivu wako. Andika kila kitu siku kinapotokea. Ingizo zuri linakaa hivi:

"Jumanne, saa 3:40 asubuhi. Simu kutoka namba nisiyoijua. Alijitambulisha kuwa ofisa wa benki. Alinitajia jina langu kamili, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za kadi. Akaomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yangu. Sikumpa. Dakika 6. Nikapiga benki mara moja, nikasubiri na kuhudumiwa dakika 35, nikapewa namba ya malalamiko, nimeihifadhi."

Angalia ingizo hilo limebeba nini. Linaonyesha ni taarifa zipi hasa tapeli alikuwa nazo mkononi. Ikija kuthibitika kwamba taarifa hizohizo ndizo zilizovuja, umeanza kujenga ule uhusiano ambao wengi hushindwa kuujenga. Dakika nazo zina thamani. Katika maafikiano ya Equifax, kampuni inayotunza rekodi za mikopo za watu nchini Marekani, yaliyotokana na uvujaji wa mwaka 2017 uliogusa watu wapatao milioni 147, aliyeathirika aliweza kudai dola 25 kwa kila saa aliyotumia kushughulikia tatizo, hadi saa 20. Hasara za kifedha zenye ushahidi ziliweza kulipwa hadi dola 20,000. Waliochagua malipo ya mkato ya dola 125 bila kuonyesha hasara walikuta mfuko wao ni dola milioni 31 tu, na waombaji walikuwa wengi mno kwa kila mmoja kupata kiasi hicho. Waliokuwa na risiti na kumbukumbu walikuwa mahali pazuri zaidi.

Hatua ya 2: Zuia hasara isikue, na anza na benki

Badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, fungia kadi, weka namba ya siri kwenye laini ya simu ili isihamishwe bila wewe kujua. Haya unayajua. Ambalo huenda hulijui ni kwamba sheria za nchi nyingi zinamtaka aliyeathirika apunguze hasara pale anapoweza. Ukikaa miezi sita na nywila ileile kisha akaunti ikakombwa, upande wa pili utasema sehemu ya hasara umejitakia. Kwa hiyo kila hatua ya kujilinda uiandike daftarini pamoja na gharama yake, iwe kadi mpya, laini mpya au huduma ya kufuatilia taarifa zako za mikopo.

Kama fedha tayari zimetoka, mtu wa kwanza kumdai si lazima awe kampuni iliyovujisha. Mara nyingi ni benki yako au mtoa huduma wa malipo, na dai hilo huenda haraka kuliko yote. Katika Umoja wa Ulaya, malipo ambayo hukuyaidhinisha yanapaswa kurudishwa kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, na wewe hubebi zaidi ya euro 50 isipokuwa kama ulifanya ulaghai au uzembe mkubwa. Una hadi miezi 13 kuripoti, ingawa unatakiwa kufanya hivyo mara tu unapogundua. Marekani, kadi ya benki iliyoibwa ukiiripoti ndani ya siku 2 za kazi, hasara yako inakomea dola 50. Ukichelewa inaweza kufika dola 500. Na ukipitisha siku 60 tangu utumiwe stetimenti bila kuripoti malipo usiyoyatambua, wizi unaoendelea baada ya hapo unaweza kukuangukia wote. Kokote ulipo, ripoti siku hiyohiyo, kwa maandishi, na udai namba ya malalamiko.

Hatua ya 3: Iandikie kampuni barua inayouliza maswali makali

Sheria nyingi za kisasa za ulinzi wa taarifa binafsi zinakupa haki ya kujua mtu anatunza nini kukuhusu na amekipeleka wapi. Chini ya GDPR, kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, kampuni inatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja bila kukutoza, na ikiwa ombi ni gumu inaweza kuongeza miezi miwili. Haki kama hiyo imo katika sheria ya Kenya ya mwaka 2019, ya Uganda ya mwaka 2019, ya Rwanda ya mwaka 2021 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Mimi naiona hii kuwa silaha kubwa kuliko zote alizonazo mtu wa kawaida, kwa sababu haihitaji wakili na inamlazimisha mwenye siri azungumze.

Barua isiwe ya matusi wala ya kuomba huruma. Iwe hivi:

"Kwa Ofisa wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti iliyosajiliwa kwa barua pepe hii. Mmenijulisha kwamba taarifa zangu ni miongoni mwa zilizovuja. Kwa kutumia haki yangu ya kupata taarifa zinazonihusu, naomba mnijibu kwa maandishi maswali haya. Ni taarifa zangu zipi hasa zilizochukuliwa, zikitajwa moja moja, na je, nywila na namba za kadi zilikuwa zimesimbwa, yaani kufichwa kwa msimbo ili zisisomeke? Uvujaji ulianza lini, mliugundua lini, na mliiarifu mamlaka lini? Kabla ya tukio mlikuwa mmewapa kina nani taarifa zangu? Kwa nini mlikuwa bado mnazitunza, na mlipanga kuzitunza kwa muda gani? Naomba pia nakala ya taarifa zote mlizonazo zinazonihusu. Kwa kuwa nafikiria kudai fidia, naomba msifute kumbukumbu za mifumo zinazogusa akaunti yangu. Barua hii haiondoi haki yangu yoyote."

Swali la nne linastahili kuangaliwa kwa makini. Uvujaji mwingi hugusa watu walioacha kuwa wateja miaka mingi nyuma. Sheria zenyewe husema taarifa zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Kampuni ikishindwa kueleza kwa nini nakala ya kitambulisho chako ilikuwa bado kwenye seva yao, imekupa kosa la pili, na hili wakati mwingine ni rahisi kulithibitisha kuliko udhaifu wa ulinzi wao.

Usiombe wafute taarifa zako kabla hujapata majibu. Nalisisitiza hili kwa sababu hasira humfanya mtu aandike "futeni kila kitu changu leo", na akishakubaliwa, ushahidi wake unaondoka naye. Pata nakala kwanza, ufutaji uje baadaye. Na wakitaka kuhakiki kwamba wewe ni wewe, toa kidogo kinachotosha. Hakuna sababu ya kuwapa nakala mpya ya pasipoti watu ambao wameshindwa kuilinda ya kwanza, kama kuna njia nyingine ya kukutambua.

Hatua ya 4: Peleka malalamiko kwenye mamlaka

Nchi nyingi sasa zina chombo cha kusimamia sheria hizi. Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Uingereza ni Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, na kila nchi ya Umoja wa Ulaya ina ya kwake. Kama unaishi ndani ya Umoja wa Ulaya na kampuni iko nchi nyingine ya Umoja huo, unaweza kulalamika pale unapoishi, pale unapofanyia kazi, au pale kosa lilipotokea, na hutozwi chochote.

Malalamiko mazuri ni mafupi. Kurasa mbili zinatosha: nini kilitokea, ulijulishwa lini, uliuliza nini, walijibu nini au walinyamaza vipi, umepata madhara gani, unataka mamlaka ifanye nini. Viambatisho ni ule ujumbe, barua yako na nakala ya daftari. Taja pia muda. GDPR inaitaka kampuni iiarifu mamlaka ndani ya saa 72 baada ya kugundua, isipokuwa pale ambapo hatari kwa watu ni ndogo, na iwaambie waathirika bila kuchelewa pale hatari inapokuwa kubwa. Kenya nayo inataka saa 72, Rwanda saa 48. Ikiwa majibu ya kampuni yanaonyesha waligundua mwezi wa kwanza na wewe ukaambiwa mwezi wa nne, liandike hilo kwenye aya ya kwanza.

Unategemea nini? Mamlaka inaweza kuchunguza, kuamuru marekebisho na kutoza faini. Kenya, sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kuhitimishwa ndani ya siku 90. Lakini faini kwa kawaida huenda serikalini, wewe huioni. Mwaka 2020 British Airways ilitozwa faini ya pauni milioni 20 kwa uvujaji uliogusa zaidi ya watu 400,000. Waathirika hawakulipwa kutokana na fedha hizo. Walioungana kufungua madai yao wenyewe ndio waliofikia maafikiano na shirika hilo mwaka 2021, kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Hata hivyo usidharau mamlaka, kwa sababu matokeo ya uchunguzi wake yanaweza kuwa ushahidi wako, na ina uwezo wa kudai nyaraka ambazo wewe hungepewa.

Polisi nao wana nafasi yao pale utambulisho wako unapotumika kukopa, kufungua akaunti au kuiba. Usitarajie mhalifu akamatwe kesho. Unachohitaji ni namba ya jalada, maana benki na wakopeshaji wengi huidai kabla ya kufuta deni ambalo si lako.

Hatua ya 5: Pima kama una dai la fidia

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo panapofaa kutulia.

Hasara ya fedha haina utata mkubwa: fedha zilizoibwa na hazikurudishwa, ada, gharama za hati mpya, mshahara uliokatwa siku ulizohangaika. Utata unaanza kwenye hofu, aibu na kukosa usingizi. Kenya, sheria inasema wazi kwamba madhara yanajumuisha yasiyo ya kifedha, pamoja na mfadhaiko. GDPR pia inataja madhara ya kifedha na yasiyo ya kifedha. Mwezi Mei 2023, katika shauri la Österreichische Post, shirika la posta la Austria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema sheria kuvunjwa pekee hakutoshi kupata fidia, lazima kuwe na madhara. Ila haikubali kuwepo kiwango cha chini ambacho madhara yasiyo ya kifedha hayalipiki. Desemba mwaka huohuo, katika kesi iliyotokana na udukuzi wa mamlaka ya mapato ya Bulgaria uliogusa zaidi ya watu milioni 6, ilisema hofu ya taarifa kutumiwa vibaya inaweza kuwa madhara yenyewe, na kwamba mzigo wa kuthibitisha ulinzi ulikuwa wa kutosha uko kwa aliyekuwa anatunza taarifa. Januari 2024 ikaweka mpaka: hatari ya kufikirika tu, pale ambapo hakuna aliyezisoma taarifa hizo, haitoshi.

Ujerumani imefika mbali zaidi. Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho, katika kesi ya taarifa zilizokusanywa kutoka Facebook, iliamua kwamba kupoteza udhibiti wa taarifa zako ni madhara hata kabla hazijatumiwa vibaya, na ikaashiria kiasi cha takriban euro 100. Marekani mwelekeo ni mwingine. Mwaka 2021, katika shauri la TransUnion, kampuni nyingine ya rekodi za mikopo, dhidi ya Ramirez, Mahakama ya Juu iliwaruhusu kudai fidia watu 1,853 ambao taarifa potofu kuwahusu zilipelekwa kwa wengine, ikawatoa kwenye kesi zaidi ya 6,000 ambao taarifa zao zilibaki ndani ya kampuni. Lakini California inatoa fidia iliyowekwa na sheria kwa aina fulani za uvujaji, ambayo ilipoanza ilikuwa kati ya dola 100 na 750 kwa mtu kwa kila tukio, bila kulazimika kuonyesha senti uliyopoteza.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta wakili jiulize kwa ukweli: taarifa zipi zilitoka? Rekodi za hospitali, picha za kitambulisho na alama za vidole zina uzito kuliko barua pepe na jina. Kuna dalili kwamba zimetumika? Una nyaraka za mfadhaiko, kama cheti cha daktari, mbali na maneno yako? Na je, taarifa hizo zilikuwa zimeshavuja kwingine kabla? Upande wa pili utauliza hilo swali, kwa hiyo ujiulize wewe kwanza.

Jambo moja la kukumbuka: aliyevujisha akiwa ni mfanyakazi mwenye kinyongo, mwajiri anaweza kuponyoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Morrisons, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, ambapo mkaguzi wa ndani alimwaga taarifa za wafanyakazi karibu 100,000 mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema kampuni haibebi lawama ya kitendo chake. Swali la kama ulinzi wa kampuni wenyewe ulitosha ni swali tofauti, na ndilo la kulisukuma.

Hatua ya 6: Peke yako au pamoja na wengine

Dai dogo lenye ushahidi safi linafaa mahakama ya madai madogo pale ilipo, kwa gharama nafuu na mara nyingi bila wakili. Kabla ya hapo tuma barua ya madai inayotaja kiasi, mchanganuo wake na siku za kujibu. Kampuni nyingi huona bora kulipa kiasi kidogo kuliko kufika mahakamani.

Kesi ya kundi inafaa pale ambapo madhara ya kila mmoja ni madogo na kosa ni moja. Marekani ni jambo la kawaida. Umoja wa Ulaya unaruhusu mashirika yasiyo ya faida kuwawakilisha watu, na tangu Juni 2023 una utaratibu wa madai ya uwakilishi kwa watumiaji. Uingereza ni vigumu zaidi tangu mwaka 2021, pale Mahakama ya Juu ilipokataa dai la Lloyd dhidi ya Google lililotaka kuwawakilisha zaidi ya watu milioni 4 bila kuonyesha madhara ya kila mmoja.

Kabla hujajiunga, soma masharti ya huduma uliyoyakubali ulipofungua akaunti. Huenda kuna kifungu kinachokulazimisha kwenda kwenye usuluhishi binafsi badala ya mahakama, na vingine hutoa siku chache za kujitoa. Kisha muulize wakili anachukua asilimia ngapi, nani analipa mkishindwa, na kama jina lako litakuwa wazi. Anayekupigia bila wewe kumtafuta, akakuahidi kiasi maalumu na kutaka "ada ya usajili" leo, mkatie simu.

Hatua ya 7: Muda, na karatasi ya mwisho kabla hujalipwa

Ukomo wa muda unaua madai mazuri. Uingereza kwa kawaida una miaka 6, lakini dai dhidi ya chombo cha umma linaloegemea Sheria ya Haki za Binadamu lina mwaka 1 tu. Kenya, madai ya madhara yasiyo ya kimkataba yana miaka 3 na ya mkataba miaka 6. Kulalamika kwenye mamlaka si lazima kusimamishe saa hiyo, kwa hiyo usisubiri uamuzi wao huku mwaka unakwisha.

Ofa ikija, mara nyingi huwa ni mwaka mmoja wa huduma ya kufuatilia utambulisho, au fedha kidogo pamoja na hati ya kusaini. Huduma pekee, bila masharti, ipokee. Hati isome hadi mstari wa mwisho. Tafuta sentensi inayosema unaachilia madai yote "yanayojulikana na yasiyojulikana". Namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa hazibadiliki, na mhalifu anaweza kuzitunza miaka kabla ya kuzitumia. Omba sentensi hiyo ifungwe kwenye hasara ulizokwishapata hadi tarehe ya kusaini, na wakikataa, pima kama kiasi wanachokupa kinatosha kununua pia hasara ambazo bado hazijatokea.